Habari za Shamba

Jumatatu, 3 Februari

Simu tisa kabla ya saa nne. Zote zimekamilika. Nilifika ofisini saa kumi na mbili kasoro robo, bado giza, nikarudi kwenye gari mara mbili kuhakikisha nimelifunga. Mara zote mbili lilikuwa limefungwa.

Hapa Texas ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, Ubelgiji ni saa saba mchana. Wakulima wametoka shambani, wanakula, simu iko karibu. Ndiyo maana tunaanza mapema. Mimi huuliza kwa Kiswahili, wao hujibu, mimi hubonyeza jibu kwenye kompyuta. Kazi ya kawaida ya ofisi yetu ni ukalimani wa simu, hasa wa hospitali. Utafiti huu ni wa kwanza wa aina yake kwetu. Taasisi moja ya huko inataka kujua mashamba madogo yanaishije: nani analima nini, anamuuzia nani, ardhi ni ya nani, udongo unatunzwaje. Makundi kumi na mawili ya wakulima katika bonde moja. Manane yanahojiwa na watu wa hukohuko, kwa Kifaransa. Manne yanazungumza Kiswahili. Wengi wao wametoka Bukavu na Uvira, wachache ni Warundi, Watanzania wawili. Hayo manne ni yangu.

Dodoso nililitafsiri mimi. Swali la kwanza lilikuwa kavu sana lilipokuja: hali ya shamba lako ni nzuri, ya wastani au mbaya. Nikaandika “Habari za shamba?” Nililipenda. Huwezi kumpigia mtu mzima simu katikati ya chakula ukaanza kumhoji kama askari.

Dada Rehema, msimamizi wangu, amesema simu zangu ni fupi kuliko za mtu yeyote hapa. Amesema mbele ya watu. Nimefurahi hadi saa sita. Baada ya hapo nikaanza kuogopa kwamba kesho hazitakuwa fupi.

Jumatano, 5 Februari

Mhojiwa wa tatu leo: Mama Faida, kiongozi wa Kundi la Saba. Sauti kubwa, kuku wanasikika nyuma yake. Ametoka Bukavu zamani. Analima na wenzake saba kwenye shamba moja la kukodi. Mchicha, ambao yeye anauita lenga-lenga, vitunguu, maharage, viazi. Wanauza sokoni Jumamosi na kwenye maduka ya Wakongo mjini.

Nikauliza, habari za shamba, Mama?

“Muzuri, mwana wangu. Muzuri sana, tunashukuru Mungu.”

Nikabonyeza. Mhojiwa akijibu nzuri, kompyuta inaruka sehemu ya tatu yote, ile ya matatizo, na kwenda moja kwa moja kwenye aina za mazao.

“Lakini sasa,” akasema.

Maji yamesimama shambani tangu Novemba. Viazi vyote vimeoza. Na mkataba wa ardhi unaisha mwisho wa Machi, mwenye shamba hataki kuuongeza. Anataka kuweka farasi. “Ma-cheval, mwana wangu! Cheval iko na nyumba ya matofali. Sisi tuko na nini?” Akacheka mpaka akakohoa.

Nilisikiliza dakika sita. Nikasema pole. Pole haina kitufe. Tukaendelea na mazao.

Simu ya dakika kumi na tisa. Kwenye daftari la zamu nimeandika sababu ya kuchelewa: mhojiwa ni mzungumzaji.

Ijumaa, 14 Februari

Simu ya mwisho ya makundi yangu. Nimemaliza siku tatu kabla ya muda. Mvua kubwa, mtaani kwetu Alief maji yamejaa mitaroni, nimeendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Sijagongwa.

Dada Rehema ametuletea maandazi. Langu limekuwa la kwanza, kwa heshima.

Jumanne, 18 Februari

Barua pepe kutoka kwa Daktari Katrien, mtafiti mkuu wa Ubelgiji. Ametuma jedwali la mwanzo na shukrani nyingi. Dada Rehema amelisoma kwa sauti.

Makundi manane ya Kifaransa yamelalamika kurasa nzima. Maji, bei, maduka makubwa, wamiliki wa ardhi, nguruwe mwitu. Makundi manne ya Kiswahili: hali nzuri. Sehemu ya tatu, tupu. Katrien ameandika kwamba uvumilivu wa wakulima hawa ni wa kupendeza na unastahili utafiti wa peke yake. Kwa sababu hali yao ni njema, atapendekeza wasiingizwe katika awamu ya pili. Awamu ya pili ndiyo yenye msaada: mwanasheria wa mikataba ya ardhi, mifereji ya kutoa maji, chumba cha baridi cha pamoja. Kamati inakaa tarehe 20 Machi.

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Niliacha kabla ya wengine na sikujua kwa nini. Nikadhani ni uchovu.

Jumamosi, 22 Februari

Sasa najua kwa nini.

Naishi na Otieno, Mkenya, muuguzi katika mojawapo ya hospitali za mjini. Leo amerudi asubuhi kutoka zamu, viatu mkononi. Nikamwuliza, habari za kazi?

“Poa tu,” akasema. Akafungua friji, akanywa maziwa, akaifunga. Kisha akasema, “But nimepoteza patient. Yule mzee wa bed four.” Akakaa chini.

Poa tu. Kwanza poa tu.

Sisi sote tuko hivyo. Nyumbani Singida, nikimpigia mama nikauliza habari, atasema nzuri hata kama kuna jeneza sebuleni. Nzuri kwanza, kisha habari yenyewe. Anayeanza na mabaya hajafunzwa. Mtoto anafundishwa hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nililijua. Na bado nikachukua salamu nikaiweka mahali pa swali, nikabonyeza jibu la kwanza, mashine ikafunga mlango kabla mtu hajafika kwenye habari yenyewe.

Sikulala mchana ingawa nilikusudia.

Jumapili, 23 Februari

Ibada. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu.

Fomu ya kuthibitisha tafsiri ina saini yangu. Iliuliza: je, maswali haya yataeleweka kwa wahojiwa kama yalivyokusudiwa? Nikatia tiki. Nimesoma takwimu, shahada ya uzamili, nimefundishwa muhula mzima namna swali baya linavyozaa jibu baya. Nikatia tiki.

Kibali changu cha kazi ni cha baada ya masomo. Nikifukuzwa, nina siku tisini za kupata kazi nyingine, la sivyo narudi nyumbani. Mama amewaambia wote kwamba nafanya kazi na wanasayansi wa Ulaya.

Hakuna aliyegundua. Nimeandika sentensi hii na nimeitazama kwa muda mrefu. Ni kweli. Hakuna aliyegundua na huenda hakuna atakayegundua.

Naogopa. Sina neno jingine.

Jumatano, 26 Februari

Rekodi za simu zinahifadhiwa siku arobaini na tano, kisha zinafutika zenyewe. Za mwanzo zitafutika tarehe 21 Machi. Kuzisikiliza kunahitaji ruhusa iliyoandikwa. Nimezisikiliza bila ruhusa. Wakati wa mapumziko, hedifoni masikioni, kikombe mkononi ili nionekane napumzika.

Kumi na moja leo. Zote sawa. Nzuri, tunashukuru. Kibonyezo changu kinasikika, tik. Kisha: ila mbegu hazikufika. Lakini kisima kimeingia mafuta ya trekta la jirani. Ila mume wangu ameumia mgongo na hakuna wa kulima. Baba mmoja wa Kigoma anasema nzuri, njema, salama, tena salama kabisa, halafu anasema ameuza mbuzi wote.

Na mimi nasema pole. Sauti yangu ni ya upole sana. Inanichukiza.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeanza. Dada Rehema amefunga, anazungumza polepole. Nilikwenda mezani kwake saa mbili asubuhi kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

“Elisha, kuna nini?”

Nikamwomba pini za kubania karatasi. Akanipa boksi zima. Nimerudi na pini elfu moja na sina karatasi ya kubana.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Faida amepiga ofisini. Namba yetu ilibaki kwenye simu yake. Mapokezi wakamleta kwangu.

Amepokea barua ya taasisi. Barua ya pongezi.

“Papa Elisha,” akasema, “uliwaambia nini bale bazungu? Banatupongeza! Tuko hapa mu matope, tunasoma pongezi!” Akacheka. Nyuma yake sauti za wanawake wengine, wanacheka pia. Mmoja akapaza sauti kwamba barua ni nzuri, karatasi ngumu, itafaa kuwashia moto.

Kisha akaacha kucheka. Mwenye shamba alikuja jana na mtu wa kupima uzio. Farasi wameletwa kuangalia majani. Sasa ni wakati wa kupanda na hawajui wapande au wasipande. Ukipanda mahali utakapofukuzwa, umepandia farasi. Usipopanda, mwaka huna.

“Wewe ulinisikia, si ndiyo?” akasema. “Nilikuambia.”

Nilisema ndiyo, Mama, nilikusikia.

“Basi ni nani hakusikia?”

Nilisema nitafuatilia. Neno la ofisini. Akanishukuru. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba alinishukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Sikula. Otieno amesema nimekonda kama mwiko. Nimemweleza yote, kwa sababu hana uhusiano na ofisi.

Akanisikiliza akikaanga mayai. Halafu: “Kwani umeua mtu? Bado. Sisi ukipea mgonjwa dawa wrong, una-report hiyo dakika. Hungoji daktari akuulize. Wanakuitisha maelezo, unatetemeka, unaandika, maisha inaendelea. Ile ya kuficha ndio hufutisha watu.”

Nikasema nikifukuzwa nina siku tisini.

“Na hao wako na ngapi?”

Mwisho wa Machi. Siku ishirini na nne. Akaniwekea yai kwenye sahani.

Jumatatu, 10 Machi

Saa zetu zimesogezwa jana. Za Ulaya hazijasogezwa bado. Kwa wiki tatu tofauti ni saa sita badala ya saba. Nilikuwa nimeliandika hilo kwenye kalenda tangu Januari. Mambo madogo kama haya sikosei kamwe.

Nimemwambia Dada Rehema.

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema kila kitu, na rekodi pia. Hakunikatiza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Umeniweka pabaya, mdogo wangu.”

Fomu ile ina saini mbili. Ya pili ni yake. Yeye ni mtu wa Tanga, salamu kwao ni nusu ya siku, na hakuliona kosa, kama nami nisivyoliona. Alisoma “Habari za shamba?” akaona ni adabu.

Baadaye akasema nisiandike chochote Ulaya. Mkataba wa awamu ya pili baina ya ofisi yetu na taasisi unatiwa saini tarehe 28. Mwenye ofisi akisikia sasa, atatutoa sote wawili. Baada ya tarehe 28 tutaomba tufanye mahojiano ya nyongeza, kimyakimya, na makosa yataingia humo na kusahihishwa.

Nikasema kamati inakaa tarehe 20. Nikasema rekodi zinaanza kufutika tarehe 21.

Akasema, “Najua kusoma kalenda, Elisha.”

Ana watoto watatu, mmoja chuoni Dallas. Simlaumu. Nimeandika simlaumu, lakini nilipokuwa naendesha kurudi nilimlaumu hadi Alief.

Jumatano, 12 Machi

Nimeandika barua kwa Daktari Katrien. Ukurasa mmoja na nusu. Sijaituma. Imekaa kwenye rasimu. Kila ninapoifungua naongeza neno samahani.

Nikimtii Dada Rehema, kazi inabaki, na wakulima wa makundi manne wanakosa mwaka, na Kundi la Saba linakosa shamba. Nikimkaidi, huenda nao pia wasipate kitu, na mimi na yeye tukawa nje. Hiyo ndiyo hesabu. Nimeifanya mara nyingi, haibadiliki.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nimemwambia nitaituma saa nane mchana. Sikutaka ashtukizwe. Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka kama ya mvulana anayebaleghe.

Akageukia kompyuta yake.

Saa saba na nusu, baada ya kuswali, akavuta kiti mezani kwangu. “Nionyeshe.” Akasoma. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilijifanya napanga kalamu.

“Umeomba samahani mara sita. Huyu mama ana kazi nyingi. Omba mara moja, mwanzoni, kisha mwambie afanye nini. Na hapa umesema ‘inawezekana kulikuwa na kasoro’. Ilikuwepo au haikuwepo?”

Ilikuwepo.

“Basi andika ilikuwepo.”

Akachukua kalamu akaandika kwenye karatasi: ruhusa ya kusikiliza rekodi, makundi manne yote. Saini yake. Tarehe ya leo, hakuirudisha nyuma. Akainuka.

“Hiyo barua mimi sijaiona,” akasema. “Ruhusa umeipata.”

Nimeituma saa nane na dakika nne. Barua inasema: swali la kwanza nililitafsiri kama salamu. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili salamu hujibiwa nzuri, na jibu lenyewe hufuata. Sikurekodi kilichofuata. Majibu ya makundi manne si sahihi, kosa ni langu. Sauti zipo hadi tarehe 21. Naweza kuyarudia mahojiano ndani ya siku tano.

Kisha nikaenda kwenye gari kuhakikisha nimelifunga.

Ijumaa, 14 Machi

Alijibu kabla sijafika ofisini.

Mistari mitano. Amesikitika. Anahitaji sehemu ya tatu iliyojazwa kwa kila mhojiwa kabla ya Jumatano jioni, saa zao. Maneno mapya ya swali ayapitishe mtu mwingine. Hakusema ahsante. Mwishoni aliuliza kama kosa hilo linaweza kuwepo pia kwenye maswali mengine. Ni swali zuri. Nimepitia yote. Halipo.

Alikuwa amempa nakala mwenye ofisi. Niliitwa saa tatu. Hakufoka. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na hautaongezwa. Kwa sasa nimalize nilichokiharibu. Dada Rehema amepewa onyo la maandishi.

Nilitegemea kuzimia. Sikuzimia. Nilirudi mezani nikaanza kupiga.

Jumamosi, 15 Machi

Ofisi tupu, mimi na Dada Rehema tu. Yeye ndiye aliyepitisha maneno mapya: “Taja jambo la kwanza linalokusumbua shambani.” Amesema ni swali la mtu asiye na mama. Amesema litafaa.

Inabidi nisisalimie. Nikisalimia, tunarudi kulekule. Nimejaribu kwa yule baba wa Kigoma. Nilijitaja, nikauliza. Akasema: “Kijana, umegombana na nani leo?” Nikamweleza. Akaniambia ninyamaze, akanisalimu mwenyewe, ya mimi, ya wazazi, ya Marekani, nikajibu nzuri zote. Ndipo akasema, “Haya. Sasa andika. Mbuzi nimeuza kwa sababu malisho yamefungwa.”

Tukakubaliana hivyo na wote waliobaki. Wao wananisalimu kwanza, mimi najibu nzuri, halafu nauliza. Inafanya kazi. Simu ni ndefu. Hakuna anayenihesabia dakika.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Faida. Nimemwacha karibu na mwisho kwa woga.

“Mama, leo nitakuuliza vibaya.”

“Uliza. Texas imekufundisha kukosa adabu, najua.”

Nikauliza. Nilisikia anafunga mlango, kuku wakapungua.

Alizungumza dakika arobaini. Ardhi kwanza, kisha maji, kisha kwamba wenzake wawili wameanza kutafuta kazi ya usafi mjini, na wakienda hawatarudi, na kundi la watu sita haliwezi kulipia ardhi ya watu wanane. Alieleza upana wa mfereji unaohitajika. Alieleza kwamba walitumia miaka minne kuuponya udongo ule kwa mbolea ya kuku na majani, ulikuwa mgumu kama barabara, sasa mkono unaingia. Sehemu ya tatu imejaa, na nafasi ya maelezo ya ziada imejaa. Hakucheka hata mara moja.

Mwishoni nikamwambia ukweli. Kwamba lile kosa la kwanza, na pongezi, ni mimi.

Akasema, “Minajua.” Alijua tangu siku ile aliponipigia. Mtu asiye na kosa angebisha, akasema.

Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 19 Machi

Imetumwa. Saa tatu asubuhi hapa, saa tisa alasiri kwao. Wahojiwa wote isipokuwa wawili wasiopatikana. Dada Rehema amekagua kila mstari. Macho yake mekundu kwa saumu na kioo cha kompyuta.

Akaniuliza nitaenda wapi. Nikasema Otieno ana rafiki Pearland, kliniki inatafuta karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Akasema mahali pazuri, karibu na barabara kuu.

Ijumaa, 21 Machi

Kamati imekaa. Makundi matatu kati ya yetu manne yameingia awamu ya pili. La nne halikutimiza masharti mengine, si kosa letu, Katrien ameeleza.

Kundi la Saba limeingia. Lakini mwanasheria ameusoma mkataba wa shamba lao na hakuna la kufanya. Taarifa ya kuomba kuuongeza ilitakiwa kutolewa mwezi mmoja kabla. Mwezi mmoja kabla ya mwisho wa Machi ni mwisho wa Februari. Mwisho wa Februari mimi nilikuwa nasikiliza rekodi na kikombe mkononi.

Wanatafutiwa ardhi nyingine. Ile ya miaka minne imekwenda kwa farasi.

Nimesoma aya hiyo mara nyingi nikitafuta mahali ambapo haisemi hivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimpigia Mama Faida kumwambia mwenyewe. Nilimwambia na tarehe. Kwamba ningesema siku niliyojua, ingewezekana.

Kisha akasema maneno kwa Kishi, lugha yao, si kwangu, kwa mtu aliyekuwa karibu. Kisha akakata simu.

Sina haki ya kuandika zaidi ya hapo.

Ijumaa, 28 Machi

Siku yangu ya mwisho ilikuwa iwe Jumatatu, wameniruhusu leo. Mkataba wa awamu ya pili umetiwa saini. Ofisi haikuupoteza. Katrien ameandika kwa mwenye ofisi kwamba anataka Dada Rehema ndiye asimamie maswali. Sijui kama alisema lolote juu yangu na sikuuliza.

Nimeandika maelezo kwa karani atakayekuja. Kurasa mbili. Wakulima wa kupigiwa asubuhi, wa kupigiwa wakishakula, wasiopenda kupigiwa Jumapili. Juu kabisa nimeandika: waache wakusalimu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikwenda ofisini Sugar Land kurudisha kadi ya mlango, niliyoisahau mfukoni. Mimi, kusahau. Dada Rehema alitoka hadi kwenye maegesho kuichukua. Idi imepita, alikuwa na pilau kwenye kopo la siagi, akanipa kupitia dirishani. Kliniki ya Pearland wamenipigia, usaili ni Jumanne. Nimeuliza wanahitaji nini, nimeandika, nimesoma nilichoandika.

Kabla sijaondoka akanionyesha picha kwenye simu yake. Katrien alikuwa amemtumia. Shamba jipya la Kundi la Saba, nyuma ya shule, dogo kuliko la zamani, mawe mengi. Watu saba, si wanane. Wamefunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti ili mistari inyooke. Mama Faida nimemjua ingawa sijawahi kumwona: ndiye pekee aliyeipa kamera mgongo, ameinama, mkono umezama kwenye udongo hadi kifundo tu.

Hakuna kilichoota bado. Nilimrudishia Dada simu yake.